DISIKI YA ZAMANI HAITAMBULIKI? USIKUBALI UPESI KUIFORMATA

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wanaliuliza sana, na ambalo wazazi wanadhani haliwahusu. Kumbe linawahusu wazazi kuliko vijana.

Mnajua ya kuwa siku hizi mambo mengi ya nyumba hayako tena katika sanduku la chuma chini ya kitanda. Yako ndani ya ordinatere. Picha za arusi, barua za shule, karatasi ya kununua kiwanja, orodha ya madeni, hata kitabu cha ubatizo cha kanisa, vyote vinalala ndani ya kile kipande kizito kinachoitwa disiki duru. Ordinatere ikizeeka au ikiungua kwa umeme mbaya, watu huitupa au huiuza, lakini mwenye akili hutoa disiki na kuifunga katika kitambaa. Miaka inapita. Siku moja kunatokea neno, karatasi inatafutwa, na ile disiki inaletwa mbele ya ordinatere mpya. Ordinatere inasema haiijui.

Nitoe mfano, ili tuelewane. Tuseme baba alikuwa karani wa kooperative ya wachimbaji. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mikono anatakiwa kuwa ndani ya kooperative iliyokubaliwa na serikali; basi kazi ya karani ni kubwa: majina, mafungu, nani alikopa, nani alirudisha. Baba huyu amefariki. Mama mjane amebaki na disiki, na watu wanakuja mlangoni wakidai kwamba marehemu alikuwa na deni lao. Mama anamwita mtoto wa ndugu yake mwenye ordinatere mpya. Kijana anaunga disiki, anangoja kidogo, kisha anasema: «Tantini, hii disiki ilikufa. Lakini ordinatere iko inaniuliza kama niiformate. Nikikubali itatumika vizuri, nitatia filamu.»

Hapo ndipo pa hatari! Neno moja la «Oui» likibonyezwa, mama yule anaweza kupoteza ushahidi wake wote. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lenyewe ni disiki, na anayelishika ni kijana wa miaka kumi na saba.

Basi neno la kwanza mlishike wote, baba, mama na watoto: disiki isiyotambulika si disiki iliyokufa. Na neno la pili: ordinatere ikikuuliza kuformata, jibu «Non» au «Annuler», mpaka umejua sababu. Kuformata ni kutayarisha disiki kama daftari jipya lisilo na neno. Ordinatere haijui kama ndani kuna arusi ya mama yako au hakuna kitu. Inauliza tu kwa sababu imeshindwa kusoma.

Milango mitatu

Mgeni akifika kwenye lupango lako usiku, ni lazima mambo matatu yawe sawa mbele ya kumkaribisha. Kwanza awe na nguvu ya kusimama. Pili mlinzi amwone na kumwandika. Tatu mwelewane kwa lugha. Disiki ni vile vile. Kwanza ipate umeme na waya mzuri. Pili ordinatere iione kama chombo. Tatu iweze kusoma maandiko yake. Fundi mwenye haraka anarukia mlango wa tatu, kumbe shida iko mlango wa kwanza.

Mlango wa kwanza: umeme na waya

Shika disiki mkononi uitazame. Ikiwa ni kubwa, pana kama kiganja cha mtu mzima, ilitoka katika ordinatere ya mezani. Ikiwa ndogo na nyembamba, ilitoka katika ordinatere ya kubeba. Tofauti hii ni ya maana sana. Ile kubwa inataka umeme wa volti 12 pamoja na wa volti 5. Tundu la USB linatoa volti 5 peke yake. Kwa hiyo disiki kubwa haiwezi kuzunguka kwa waya wa USB tu. Inahitaji adaptateri yenye waya wake wa kwenda kwenye prizi. Ni disiki ngapi zimehukumiwa kwamba zimekufa, kumbe zina njaa tu!

Ile ndogo hutosheka na volti 5, lakini wakati wa kuanza kuzunguka huvuta umeme mwingi. Tundu la USB la zamani linatoa nusu ya ampea. Wakati mwingine haitoshi. Basi unga disiki moja kwa moja kwenye ordinatere, si kupitia kipande cha kugawanya, tumia waya mfupi, badilisha tundu, au tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB. Na mbele ya yote, chagua saa ambayo umeme umetulia. Sisi tunaoishi na moto wa SNEL tunajua namna taa zinavyopanda na kushuka. Disiki ya zamani haipendi mchezo huo hata kidogo. Afadhali ordinatere ya kubeba yenye batiri iliyojaa, kuliko grupu ya jirani inayokohoa.

Sasa tazama meno yake. Disiki za zamani zaidi, za aina ya IDE, zina safu mbili za sindano ndogo. Ile kubwa ina sindano 40. Disiki za aina ya SATA, zilizoanza kuenea tangu 2003, hazina sindano bali zina mdomo mwembamba wenye kona. Ordinatere za leo hazina tena mahali pa kuunga IDE. Utahitaji adaptateri ya kutoka IDE kwenda USB, au utafute fundi aliyeweka ordinatere ya miaka ile. Usisukume kwa nguvu. Sindano moja ikipinda, kazi imesimama.

Tena disiki za IDE zina kipande kidogo sana cha plastiki nyuma, karibu na sindano. Kipande hicho kinaiambia disiki kama yenyewe ni ya kwanza au ni ya pili kwenye waya mmoja. Disiki mbili zikisema zote «mimi ni wa kwanza», ordinatere inaweza isione hata moja. Juu ya disiki yenyewe kuna karatasi yenye mchoro unaoonyesha mahali pa kukiweka. Ukiiunga peke yake kwa adaptateri, kwa kawaida iweke kuwa ya kwanza, yaani «maître».

Kisha weka sikio karibu. Disiki nzima inaanza kuzunguka kwa sauti laini ya mfululizo. Nyingi zinazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Ukisikia kimya kabisa, rudi kwenye umeme na waya. Ukisikia tak, tak, tak, kama mtu anagonga mlango, zima palepale. Neno hilo tutalifikia chini.

Mlango wa pili: ordinatere inaiona?

Disiki inazunguka vizuri, lakini haionekani pamoja na disiki nyingine. Usikate tamaa. Kwenye ordinatere ya Windows, bonyeza kwa upande wa kuume wa suri ile alama ya kuanzia, kisha chagua mahali panapoitwa «Gestion des disques». Hapo unaona disiki zote ambazo mashini inazijua, hata zile zisizo na jina. Lakini kwanza soma kwa macho tu. Mkono utulie.

Ikiwa disiki yako haimo kabisa katika orodha, rudi mlango wa kwanza: badilisha waya, badilisha tundu, badilisha hata ordinatere.

Ikiwa imo, na ina fungu zuri lakini halina herufi kama D au E, shida ni ndogo sana. Ordinatere haikuipa jina la kuitwa. Bonyeza kuume juu ya fungu hilo, chagua kubadili herufi, upe herufi ambayo haina mwenyewe. Kitendo hiki hakifuti kitu. Watu wamelipa pesa nyingi kwa kazi hii ya dakika moja!

Ikiwa imo, lakini mashini inasema haijaanzishwa na inataka kuianzisha, bonyeza «Annuler». Au ikiwa imeandikwa «RAW», usiguse kitu. Maana yake ni kwamba mwanzo wa maandiko umeharibika au haueleweki. Vitu vyenyewe huenda viko palepale.

Kuna na wengine wanaofungua disiki na kusema, «Iko tupu, hakuna picha.» Hapana, wanatafuta chumba kibaya. Kwenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, mambo ya mtu yalikaa ndani ya chumba kilichoandikwa «Documents and Settings», chini ya jina lake. Windows zilizofuata zilihamisha mambo hayo kwenye «Users», ambacho kwa Kifaransa kinaonekana «Utilisateurs». Ukiingia na mashini ikakataa, ikisema huna ruhusa, si kwamba disiki ni mbovu. Mlango ulifungwa kwa jina la mwenye ordinatere ya zamani. Mara nyingi mwenye mamlaka juu ya ordinatere mpya anaweza kujipa ruhusa.

Mlango wa tatu: lugha

Disiki huandikwa kwa taratibu mbalimbali. Windows inaandika kwa taratibu zinazoitwa NTFS na FAT32. Ordinatere za Apple zina taratibu zao. Linux ina zake. Windows, isipopewa programu ya kuisaidia, haisomi disiki ya Apple wala ya Linux, na badala ya kusema, «Samahani, lugha hii sijui», inasema, «Je, tuiformate?» Ni kama mtu anayeletewa barua ya Kifuliiru, yeye anajua Kiswahili tu, akashauri barua ichomwe!

Kwa hiyo uliza: disiki hii ilitoka katika ordinatere gani? Ofisi nyingi za misaada zilizopita hapa Uvira, na wafadhili wengine, waliacha mashini za kila aina. Ikiwa ilikuwa ya Apple, mtafute mwenye Apple. Kama hujui, kuna njia ya bure. Pata Ubuntu, ambayo ni Linux isiyouzwa, iwekwe kwenye kle ya USB. Washa ordinatere kwa kle hiyo, na mashini ikikuuliza, chagua kujaribu, usichague kuinstali. Ubuntu inasoma lugha nyingi za disiki, na mara nyingi inafungua disiki ambayo Windows imeikataa. Ukishaona vitu, vinakili kwenda kwenye disiki nyingine. Usianze kupanga, usianze kufuta. Nakili kwanza.

Disiki inapougua kweli

Wakati mwingine shida si njaa wala lugha. Disiki inagonga, inasimama katikati, au inachukua saa nzima kufungua picha moja. Hiyo ni mgonjwa. Kila unapoiwasha, huenda ni mara ya mwisho.

Usifungue kifuniko chake. Ndani mna sahani zinazong'aa kama kioo, na vichwa vidogo vinavyopita juu yake bila kuzigusa, kwa nafasi ndogo kuliko hata chembe ya vumbi au moshi. Wewe uliye katika vumbi la Songo, au kule Misisi ambako udongo unaruka mchana kutwa, ukifungua kwa bisibisi umeimaliza. Usiitie katika frigo kama wengine wanavyofundishana. Usiianike juu ya bati. Usiigonge.

Ikiwa bado inasomeka kidogo, kazi ya fundi mwenye ujuzi ni moja: anakili disiki yote kwenye disiki nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi. Kuna programu ya bure iitwayo ddrescue inayofanya hivyo kwa uvumilivu. Inachukua kwanza yanayosomeka upesi, kisha inarudia yale magumu. Baada ya hapo mgonjwa anapumzishwa, na utafutaji unafanywa juu ya nakala. Programu za TestDisk na PhotoRec, nazo za bure, hutafuta mafungu na picha zilizopotea. PhotoRec huleta picha bila majina yake ya zamani, kwa hiyo mama na watoto watakaa jioni kadhaa wakizitambua moja moja. Angalia sana: kilichopatikana kisiandikwe tena juu ya disiki ileile kinakotafutwa.

Na kama mtoto amekwisha kubonyeza «Oui»? Msimpige. Zimeni palepale, msitie filamu hata moja. Kuformata kwa upesi hubadili hasa orodha ya mwanzo, na mengi hubaki chini mpaka yaandikwe juu yake. Hapo bado kuna tumaini. Kuformata kwa ukamilifu, tangu Windows Vista ya 2007, huandika juu ya disiki yote. Hapo tumaini limekwisha. Ndiyo sababu nasema, dakika zile za kwanza ni za thamani.

Maji

Sisi watu wa Uvira hatuwezi kusahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake. Watu zaidi ya 30 walifariki na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kisha Ziwa Tanganyika lenyewe likapanda, na tena mwaka 2024 likaingia katika nyumba za pwani. Baada ya maji ya namna ile, watu hutoa ordinatere katika tope, huzianika juani siku mbili, kisha huziwasha ili kujaribu. Hapo zinaungua.

Disiki iliyoingia maji usiiwashe, hata kama nje imekauka. Tope likikauka juu ya sahani linashika kama simenti. Wataalamu wanashauri usijaribu kuikausha mwenyewe; ifunge katika mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wake, uipeleke kwa mwenye vyombo vya kazi hiyo. Najua wataalamu hao wako mbali na gharama yao ni kubwa. Kwa hiyo kila jamaa ijiulize: ndani ya disiki hii kuna nini? Kama ni nyimbo, achilia. Kama ni daftari la kooperative au picha pekee ya mtoto aliyefariki, itunze bila kuiwasha mpaka mpate njia.

Juu ya fundi

Ukipeleka disiki kwa fundi, mwambie mbele ya shahidi maneno matatu: usiformate, usifute, na usianze kabla hatujapatana bei. Mwambie pia unachotafuta, kwa mfano «orodha ya kooperative ya mwaka 2019», si «angalia tu kama iko nzima». Kama inawezekana kaa karibu naye, maana ndani ya disiki mna siri za nyumba. Na ukiuza ordinatere ya zamani, usiuze disiki pamoja nayo bila kufikiri. Uliyofuta juu juu, mwingine anaweza kuyafufua kwa programu zilezile nilizozitaja.

Mbele ya kufikia shida

Disiki duru ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito wa tani moja hivi, na ilishika herufi milioni tano tu. Leo kle ndogo mfukoni inashinda ile mara elfu nyingi. Lakini wingi si uzima. Mwaka 1986 Waingereza walitengeneza kitabu kikubwa cha nchi yao juu ya disiki za aina ya pekee, kwa kukumbuka kitabu cha hesabu ya nchi kilichoandikwa mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja walisaidia. Haikupita hata miaka 20, mashini za kusoma disiki zile zikawa adimu, ikabidi wataalamu wafanye kazi kubwa kuziokoa. Kitabu cha ngozi cha 1086 bado kinasomeka.

Basi fanyeni hivi. Yaliyo ya lazima, kama karatasi ya kiwanja, orodha ya mafungu na kitabu cha ubatizo, yachapishwe pia kwenye karatasi. Mengine yawe na nakala mbili, moja nyumbani, nyingine kwa ndugu anayekaa mbali na mto na ziwa. Kila mwaka, pengine wakati wa likizo kubwa, mkusanyike mfungue nakala zenu mwone kama zinasomeka. Ordinatere ikibadilika, hamisheni vitu wakati ile ya zamani ingali inawaka. Na juu ya kila disiki bandikeni karatasi: ni ya nani, ilitoka katika mashini gani, ndani mna nini.

Ninyi vijana, mmepewa ujuzi ambao wazazi wenu hawana. Mama akikuletea disiki katika kitambaa, anakuletea miaka yake. Usimjibu kwa haraka kwamba imekufa. Tafuta waya, sikiliza, soma, nakili. Kisha ndipo uombe nafasi ya filamu, juu ya disiki nyingine.

Tukutane mwezi ujao.